Kadi ya Mwaba

Jumanne, 7 Mei 1974

Mwezi mmoja tangu taratibu yangu ianze, na hakuna hata pipa moja lililopotea. Patron Mwenze amenisifu mbele ya bilo, ofisi yetu nzima. "Munaona? Mutu akisoma ku université, ata fonia inamuogopa!" Wakacheka, nami nikacheka. Nilipenda kusifiwa — niandike hivyo, maana daftari hili halina msomaji mwingine.

Jambo lenyewe si kubwa. Kampuni ina depo moja hapa Nchelenge na wasimamizi watatu kwenye kambi za visiwani. Kila asubuhi saa moja wanatuita kwa fonia, redio yetu ya kusemeana, wanataja wanachohitaji: nyavu, petroli, barafu, mota za mitumbwi. Mtumbwi wao ukifika hapa, depo inafunguliwa. Desemba iliyopita mtu aliita kwa sauti ya msimamizi mmojawapo, akapewa mapipa tisa ya petroli, akaenda zake. Sauti! Tulikuwa tunaamini sauti tu, katika mikwaruzo ile.

Sasa anayeita hupimwa kwa mambo matatu. Kwanza sauti. Pili kitu alicho nacho mkononi: kadi niliyoipiga taipu, mistari kumi ya namba, nakala moja kwake na nyingine kwa Rosaria, anayekaa kwenye fonia. Rosaria humtajia mstari na nafasi, yeye husoma namba iliyopo hapo, kisha wote wawili huikata kwa kalamu isitumike tena. Tatu, kitu alicho nacho kichwani: swali moja ambalo jibu lake analijua yeye, na mimi, na bahasha iliyo kwenye droo ya Rosaria.

Mzee Mwaba wa Chisenga alipokuja kuchukua kadi yake aliigeuza pande zote mbili. "Mademoiselle, miaka makumi mbili niko naita hapa. Leo unataka niseme kama niko miye?" Lakini siri yake aliitoa kwa kucheka. Ujanani alivuka kwenda Kasenga kutafuta kazi. Usiku wa kwanza alilala juu ya magunia ya chumvi, na kulipokucha mgongo ulimwasha hata akajitupa mtoni na nguo zake zote. Hata mke wake hajui. Kadi akaikunja, akaitia ndani ya kopo lake la tumbaku, isilowe.

Jumatatu, 13 Mei

Mwaba amefariki jana. Kifua. Siku nne tu.

Upepo ulikuwa mkali, hatukuweza kuvuka kwenda maziko. Patron ametuma sukari, unga na kitambaa cheupe.

Jioni nimesoma upya kurasa zangu sita za taratibu. Nimeandika juu ya kadi iliyopotea, kadi iliyolowa, kadi ya mtu aliyefukuzwa kazi — zote zirudishwe kwa Rosaria siku hiyohiyo. Juu ya mtu anayekufa sikuandika neno. Nilidhani kufa kunajieleza.

Jumamosi, 25 Mei

Nimerudi kutoka Chisenga. Viatu bado vina mchanga wa kisiwa.

Patron alinituma niwakilishe kampuni. Kwa Wabemba na watu wote wa ziwa upande huu, jina la marehemu halibaki bila mtu. Ukoo unachagua mrithi, impyani, naye anapokea jina, na pamoja na jina nafasi yote. Leo walimkalisha kwenye mkeka Kingsley, mtoto wa dada yake Mwaba. Umri wake labda miaka thelathini. Amevua samaki na mjomba wake tangu utotoni. Mama Ennie, dada mkubwa wa marehemu, alimfunga kiunoni mshipi wa ndugu yake, akampa maji anywe, akamwambia mbele yetu sote: kuanzia leo wewe ni Mwaba. Si "kama" Mwaba. Si "badala ya" Mwaba. Kisha wakaja watoto wa marehemu, wakubwa kuliko yeye wawili kati yao, wakamwita tata. Baba!

Karibu na goti lake vilipangwa vitu: shoka, kofia, kiko, kopo la tumbaku.

Nilijua kilichokuwamo ndani ya kopo. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Ningeweza kusema kwa upole, samahani, humo mna karatasi ya bilo. Nilipima — wanawake wakiimba, Mama Ennie akilia, mimi mgeni wa kutoka ng'ambo ya ziwa nikinyoosha mkono kwenye mkeka wa urithi. Nikaona aibu. Nikasema moyoni: nitaiomba baadaye.

Halafu wakaniita niseme neno la kampuni. Sikuwa nimeandaa kitu. Nilitaka kuwapa kitu cha kweli, si maneno ya bilo, na kitu pekee cha kweli nilichokuwa nacho juu ya yule mzee kilikuwa magunia ya chumvi. Nikawasimulia. Kasenga, mgongo kuwasha, kujitupa mtoni na nguo. Watu mia mbili walicheka! Mjane alicheka huku anafuta machozi: "Huyu mwizi! Miaka yote ile hakuniambia!" Kingsley alicheka kuliko wote, mkono juu ya kopo.

Mwishoni kila mgeni alipita kumsalimu. Nami nilipiga magoti, nikapiga makofi matatu ya taratibu kama nilivyoona wengine wakifanya. "Mwapoleni, ba Mwaba." Akaitikia kwa sauti ya chini, nzito kuliko niliyomsikia nayo asubuhi. Nilihisi — sijui nilihisi nini. Kwamba kweli kuna mtu pale ambaye hakuwapo asubuhi.

Jumapili, 26 Mei

Limenijia katikati ya misa. Kadi, na jibu la swali. Vyote viwili kwa siku moja, mikononi mwa mtu mmoja, na kimoja kimetoka kinywani mwangu.

Kesho nitalifuta jina la Mwaba kwenye rejista ya wanaoita.

Jumatatu, 27 Mei

Sikufuta.

Nilikuwa nimefungua rejista, kalamu juu ya jina. Rosaria alikuwa anatia mafuta kiti chake kinacholia. "Mayo! Ba Mademoiselle, unafuta nani?"

Nikamwambia, Mwaba.

"Awe, hapana. Yeye iko. Juzi mulimuona na macho yenu."

Alisema bila kubishana, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba mvua imekwisha. Nikafunga rejista. Nilijiambia Patron bado hajamteua msimamizi mpya, na akishamteua nitatengeneza kadi nyingine, swali jingine, kwa utaratibu. Sababu nzuri. Ninazo nyingi za namna hiyo.

Alhamisi, 6 Juni

Niandike kama lilivyokuwa, bila kupamba.

Saa moja asubuhi Chisenga ikaita. Patron alikuwa safarini Mansa na gari la samaki. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikipiga taipu barua ya barafu. Ukuta ni wa mbao. Nilisikia kila neno.

"Hapa Mwaba, Chisenga."

"Mwapoleni, ba shikulu," Rosaria akajibu, kwa furaha. Babu, kamwita! Huyo kijana! Kiukoo Rosaria ni mjukuu wa Mwaba, basi ndivyo ilivyo sasa, na mjukuu ana haki ya kumtania. "Muliota tena mvi, ao bado?"

"Zinakuja, zinakuja. Uniulize, niko na haraka."

Mstari wa nne, nafasi ya saba. Akasoma namba. Rosaria akaangalia nakala yake: sawa. Swali: usiku wa kwanza Kasenga ulilala wapi? "Juu ya magunia ya chumvi." Wakacheka wote wawili. Mimi mikono yangu ilikuwa juu ya taipu. Ilisimama. Halafu ikaendelea.

Kwa nini? Najaribu kuwa mwadilifu. Wavuvi wa Chisenga walikuwa wiki tatu bila nyavu mpya wala petroli, kwa kuwa hakuna aliyeita kwa niaba yao. Kijana anaijua kazi. Nilifikiri: hii ni haki, ingawa si halali. Hayo nilifikiri kweli. Lakini nilifikiri pia kwamba nikiinuka na kuingia pale, itabidi nieleze jibu lile lilimfikia vipi.

Saa nne mtumbwi ukaja na wapiga kasia watatu. Wakachukua mafungu kumi na mawili ya nyavu, petroli, na zile mota mbili mpya zilizopakwa kijani. Rosaria akaandika kila kitu kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo.

Ijumaa, 7 Juni

Patron amerudi saa sita mchana. Saa nane akaja Roger, mfanyabiashara wa samaki wa kwetu kule Pweto, akiwa na kikapu cha vitunguu na habari. Ameona mota ya kijani kwenye mtumbwi wa mtu Pweto, upande wa Zaïre. "Rangi yenu kabisa, Patron. Nilisema, ah, Mwenze anafungua bilo kwetu?"

Patron akafungua kitabu cha depo. Akasoma jina. Akalisoma tena.

"Rosaria. Mwaba alikufa."

"Ee mukwai. Alikufa, bakamupyana."

"Unafungulia depo mufu?"

"Hapana mufu, Patron. Mwaba. Namba iliitika. Jibu liliitika."

"Njo vile! Namba iliitika! Jibu liliitika!" Alikuwa anazunguka meza. "Taratibu ya Mademoiselle haidanganywe. Kama mulango iko nguvu na mwizi ameingia, ni mutu wa ndani alifungua. Kadi za kurudi zinarudi kwa nani? Kwa weye. Bahasha ya majibu iko mu droo ya nani? Ya weye. Ulimuuzia bei gani?"

Rosaria alinitazama. Wote wakanitazama — Patron, Roger na kikapu chake, Lackson wa depo mlangoni.

Nikasema: "Ni lazima tuchunguze."

Tuchunguze! Miaka minne ya chuo kikuu Lubumbashi, na neno nililolipata ni hilo.

Patron akampokonya funguo.

Jumamosi, 8 Juni

Sajenti Sampa wa polisi atakuja Jumatano kuandika maelezo. Akiandika alivyoambiwa na Patron, Rosaria atapelekwa Kawambwa mbele ya hakimu. Ana watoto wanne. Mdogo bado ananyonya.

Lackson anakaa kwenye fonia sasa. Hajui kuitumia. Anapiga kelele kama mtu anayeita ng'ombe.

Jumapili, 9 Juni

Rosaria aliimba kwaya, mstari wa mbele kama kawaida, mtoto mgongoni. Waliokuwa karibu naye walijisogeza kidogo. Kidogo tu, upana wa kiganja.

Sikwenda kukomunika.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kwake. Alikuwa anageuza samaki kwenye uchaga wa moshi, macho mekundu, na sikuweza kujua ni moshi au vinginevyo. Alinitolea kigoda. Hata sasa ananitolea kigoda!

Nilianza kueleza kwa mpangilio, kama ninavyoeleza kila kitu. Kwamba taratibu ilikuwa na upungufu, kwamba katika mazingira yale haikuwezekana kutazamia kila jambo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, huku akigeuza samaki:

"Ba Mademoiselle, siku ile ku Chisenga, mulipiga magoti?"

"Nilipiga."

"Mulipiga makofi?"

"Ndiyo."

"Mulimwita nani?"

Nikautazama moto chini ya uchaga.

"Mutu wa université anapigia Mwaba makofi. Miye Rosaria, grade six, nitamuambia weye si Mwaba? Na nguvu gani?" Akacheka kidogo, bila chuki, na hilo ndilo baya zaidi. "Magunia ya chumvi, mulisema nyinyi. Shangazi yangu alikuwa kule, alinihadisia. Nilijua toka siku ya kwanza."

"Kwa nini hukumwambia Patron?"

"Nilingojea museme."

Akanifungia samaki wawili kwenye gazeti nirudi nao nyumbani. Nimewapokea. Wako mezani hapa ninapoandika. Siwezi kuwala na siwezi kuwatupa.

Jumanne, 11 Juni

Nimeandika barua kwa Patron. Kurasa tatu. Nimeisoma: imejengwa vizuri sana. Nimegawa kosa sawasawa — sehemu kwa desturi, sehemu kwa haraka, sehemu kwa Patron aliyechelewa kuteua msimamizi, sehemu kwa mikwaruzo ya fonia — hata ikifika zamu yangu hakuna kilichobaki. Nimeichana.

Na Kingsley? Sijui. Leo mchana aliita, akamwambia Lackson kwamba mota moja alimwazima shemeji yake akachukue maboya Pweto, na itarudi. Lackson akacheka mpaka akakohoa. Labda ni uongo. Labda ameiuza kweli, na mimi namtetea mwizi kwa sababu kumtetea kunanipunguzia. Lakini nyavu zote za mafungu kumi na mawili ziko majini. Wachuuzi waliotoka Chisenga leo wameziona, na samaki wamewanunua. Mtu anayeiba huwagawia watu nyavu?

Najiuliza kama yeye ni Mwaba. Kwenye kadi ya uraia ya ng'ambo mimi si Régine tena. Mwaka sabini na mbili serikali iliyafuta majina ya ubatizo, nikawa Ngoie. Jina likabadilika, mimi nikabaki niliyekuwa, na kila ninapovuka nakerwa. Yeye jina limemfikia, na anasema amebadilika. Nilijenga taratibu nzima juu ya wazo kwamba mtu ni mmoja, na akifa ameondoka na alichokijua. Sijasadiki kwamba wazo langu ni baya. Lakini sikumuuliza mtu yeyote wa hapa.

Haya yote ni mazuri kufikiri. Rosaria hatapelekwa Kawambwa kwa ajili ya wazo. Atapelekwa kwa sababu niliona aibu mara moja mbele ya mkeka, mara ya pili mbele ya rejista, na mara ya tatu nyuma ya ukuta wa mbao.

Patron ametoa amri: kesho saa moja Chisenga itakapoita, mimi mwenyewe nikae kwenye fonia, si Lackson. Nimtege. Nimwulize namba na swali, sajenti akisikiliza na kuandika. "Mwizi atasema yeye mwenyewe ni nani alimupa," amesema, akanigonga begani. "Nakuaminia weye tu, Mademoiselle."

Jumatano, 12 Juni

Saa moja kasoro robo. Naandikia hapa bilo, daftari juu ya goti, chini ya meza ya fonia. Ni mara ya kwanza kulileta hapa.

Mashine inapata moto. Patron amesimama dirishani, mikono nyuma. Sajenti Sampa amekaa kwenye kiti cha Rosaria. Kila akisogea kinalia, naye anaomba radhi. Amechonga penseli mbili. Rosaria yuko kwenye benchi karibu na mlango, mtoto kwenye paja. Amevaa kitenge cha kanisani. Nimemsalimu, ameniitikia. Basi.

Mbele yangu ni nakala ya kadi, mstari wa nne umekatwa mara moja, na bahasha. Sajenti ameniuliza bahasha ina nini. Nikamwambia, jibu. Akauliza ni watu wangapi wanalijua. Patron akajibu kabla yangu: "Batatu. Mufu, Mademoiselle, na huyu mama." Sajenti akaandika: watatu.

Ningeweza kusema pale pale. Palikuwa na nafasi, kimya kilichotosha sentensi nzima. Nilimtazama akiandika.

Saa moja kasoro dakika mbili. Nimeamua, nadhani nimeamua, nisiulize swali la kwenye bahasha. Nitauliza jingine. Najua kwamba hata hivyo ni woga: nitamfanya mtu mwingine aseme kile ninachopaswa kukisema mimi. Labda nusu ya ujasiri ni afadhali. Labda ni ujanja mwingine tu wa mtu aliyesoma.

Mikwaruzo. "Hapa Mwaba, Chisenga." Sauti ya chini, nzito. Mtoto wa Rosaria amegeuza kichwa kutafuta anayesema.

Patron ametikisa kichwa: endelea. Penseli iko juu ya karatasi.

Nimeacha kadi. Nimebonyeza kitufe, nimemwuliza:

"Ba Mwaba, habari ya magunia ya chumvi uliisikia kwa nani?"

Nimeachia kitufe. Anacheka kule. Anavuta pumzi kujibu.